Bustani ya Milioni Kumi

Karatasi ilikuwa na muhuri, nembo ya jani la kijani pembeni, na chini kabisa jumla iliyokolezwa wino: shilingi 10,240,000. Nyumba yetu ya Goba ilikuwa imebakiza rangi ya geti tu. Uwanja wote ulikuwa kifusi, mabaki ya nondo na vipande vya tofali. Fundi bustani aliyetujia kwa kuelekezwa na jirani alikuwa kijana mstaarabu, mwenye picha nzuri kwenye simu. Mume wangu aliisoma ile kotesheni akanirudishia bila neno. Mimi kazi yangu ya miaka yote ni stoo, kupokea mzigo na kuuhesabu, kwa hiyo jumla haikunishughulisha. Nilianza na mstari wa kwanza.

Mstari wa kwanza ulisema: majani, kununua na kupanda, mita za mraba 450 kwa shilingi 12,000, jumla 5,400,000.

Kiwanja chetu ni mita 24 kwa 30, yaani mita za mraba 720. Nyumba imechukua 180. Pevingi ya kuegesha gari pamoja na njia ya kuingilia, 150. Bado kuna chemba, simtanki, banda la kuku na sehemu ya kuanikia nguo. Nilichukua tepu, binti yangu akashika ncha ya pili. Mbele, 12 kwa 9, ni mita 108. Ubavuni kuna ukanda wa 3 kwa 20, mita 60. Nyuma, chini ya mwembe, 14 kwa 8, mita 112. Jumla 280.

"Fundi, hizi 450 umezipataje?"

"Mama, nilipiga kwa macho tu. Halafu majani mengine yanakufa, lazima tuweke na ziada."

Ziada ya mita 170!

Hapa ndipo nilipogundua kwamba sisi watu wa Dar, pamoja na umahiri wetu wote wa kupatana bei, tunapatana mahali pasipo na hela. Tuseme ningefanya kama tunavyofanya Kariakoo, nikambana fundi kutoka 12,000 hadi 10,000 kwa mita. Ningetoka pale najisifu, na ningelipa 4,500,000. Mtu mwingine asiyejua kabisa kupatana, akakubali 12,000 yake bila kubisha lakini akapima uwanja wake, angelipa 3,360,000. Bei ya mita fundi anaitarajia uibishie, na ameshaipandisha akikungojea. Idadi ya mita hatarajii uiguse. Tangu siku hiyo, kotesheni yoyote ikinifikia naanza na idadi, kisha ndiyo naangalia bei.

Mstari wa pili ulikuwa wa udongo: trip 10 za Fuso, kila trip 180,000. Udongo ni kitu ambacho wengi tunakilipia kama kuuziwa mbuzi kwenye gunia, maana lori likishamwaga na kusambazwa, nani atajua zilikuwa trip ngapi? Nilimuuliza fundi anataka kutandaza unene gani. Akaonyesha kwa vidole, kama sentimita tano hivi, kwa sababu udongo wetu chini si mbaya, tatizo ni vifusi vya ujenzi vilivyo juu. Basi hesabu ni rahisi. Mita 280 mara 0.05 ni mita za ujazo 14. Udongo uliochotwa ukiwa tifutifu hushuka ukimwagiwa maji na kukanyagwa, kwa hiyo niliongeza sehemu ya tano, ikafika kama 17. Fuso la kwanza lilipokuja nilimwomba dereva apandishe watoto na tepu. Bodi yake ilikuwa na urefu wa mita 4, upana 2.1, na udongo umejaa hadi kimo cha 0.6. Hiyo ni mita za ujazo 5 kwa trip. Trip nne zinatosha na kubaki. Sita nyingine zilikuwa za nani?

Dereva alicheka, akaniambia hajawahi kupimiwa bodi. Lakini aliporudi na trip ya tatu ikiwa pungufu, hakungoja niseme. Alijisemea mwenyewe kwamba mzigo umemwagika njiani, akashusha bei. Na kwa kuwa nilimtafuta mwenyewe kijiweni kwao wanapoegesha, badala ya kumpitia fundi, trip ilikuwa 150,000.

Kuhusu udongo kuna mambo mawili ambayo hayamo kwenye kotesheni ya mtu yeyote. La kwanza ni kimo. Ukishawaruhusu watu wamwage udongo, wanapenda kupandisha, uwanja uonekane umejaa. Udongo wa bustani ubaki chini ya sakafu ya ndani ya nyumba, walau sentimita 15. Udongo ukipanda juu ya msingi, ukuta unanyonya unyevu na rangi inaanza kubanduka chini, na gharama ya kurudia plasta hakuna fundi bustani atakayekulipa. Goba ni vilima, na maji ya mvua hutoka kwa jirani wa juu kuja kwako. Kabla ya jani lolote kupandwa, kwanza jua maji yatapita wapi.

La pili ni ndago. Anayeijua ndago hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua: ni kale kajani kembamba kenye shina la pembe tatu, ambako ukikang'oa kanakatika, na chini kunabaki vitunguu vidogo vyeusi vilivyofungamana kama shanga kwenye uzi, kila kimoja tayari kuchipua. Ndago haiji kwa upepo. Inakuja kwenye lori la udongo. Jirani yangu mmoja alinunua udongo mweusi wa bondeni, mzuri kwa macho, umetoka kwenye mashamba ya mchicha. Baada ya mvua za kwanza uwanja wake ulikuwa ndago tupu, na hadi leo anamlipa mtu kuing'oa. Mimi nilimwambia dereva nataka kwanza kuona udongo unakochotwa, nikaenda naye. Tulichukua ule mwekundu wa kilimani, uliochimbwa chini ya usawa wa mizizi. Kwa rutuba ni maskini, lakini rutuba inanunuliwa kwa viroba vya samadi. Ndago ukishainunua huwezi kuiuza.

Samadi nayo ilikuwa na hadithi yake: viroba 60. Nilinunua 20, vya samadi iliyokaa ikaoza vizuri, isiyonuka na isiyo na joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inabeba mbegu za kila kitu alichokula ng'ombe. Chini yake kulikuwa na mfuko mzima wa urea, kilo 50. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Majani yanahitaji kama gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kwa mita 280 ni gramu 1,400, ambazo zimo ndani ya kilo tatu na kidogo za urea. Maduka ya pembejeo yanapima kwa kilo. Mfuko wa kilo 50 ungenitosha miaka, kama usingevuta unyevu ukawa jiwe. Kwenye kotesheni mfuko huo ulikuwa 90,000, si fedha ya kumwangusha mtu. Lakini mistari midogo kama hiyo ndiyo mnayopishana nayo bila kusalimiana, na ikiwa mingi inakusanyika.

Sasa turudi kwenye majani yenyewe, maana pale ndipo penye fedha nyingi.

Kuna namna mbili za kupata uwanja wa kijani. Unaweza kutandikiwa kapeti, majani yaliyochimbwa na udongo wake kwa vipande, yanapangwa kama vigae, na jioni una uwanja. Au unapandiwa vipando: kapeti linakatwakatwa vipande vidogo vya sentimita 5 kwa 5, vinachomekwa kwa nafasi, kisha unangoja vitambae na kuungana. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 15, mita moja inakula vipando 44 hivi. Fanya hesabu utaona kwamba mita moja ya mraba ya kapeti, ikikatwa vipando, inapanda mita tisa. Uwanja wangu wote wa mita 280 ulihitaji majani ya mita 31 tu kutoka kitaluni.

Yule fundi aliniwekea bei ya kapeti. Nilipomuuliza anapandaje, akasema, "Tunachomeka, mama, miezi mitatu linafunga." Yaani bei ya kapeti, kazi ya vipando. Sidhani hata kwamba alidhamiria kuniibia. Nadhani hiyo ndiyo bei aliyoikuta mjini na hakuna aliyewahi kumuuliza. Vipando si ujanja wala si kazi ya pili kwa ubora. Ukiwa na subira ni kazi nzuri tu, mradi ulipie vipando. Tulikubaliana 7,000 kwa mita, majani na upandaji pamoja, na alikubali haraka kiasi kwamba nilijua bado anapata.

Aina ya majani usimwachie fundi aichague kwa sababu ndiyo aliyo nayo kitaluni. Kwetu ukoka wa kawaida unastahimili jua na kukanyagwa na watoto, lakini hautaki kivuli. Ukiupanda chini ya mwembe, baada ya msimu mmoja utabaki na vumbi. Chini ya mwembe nilipanda majani ya Pemba, yale ya jani pana, yanayovumilia kivuli. Wenye visima vya maji ya chumvi, na ukanda wa pwani wako wengi, wanafaa kuangalia pasipalamu ya ufukweni, ambayo chumvi haiisumbui sana. Halafu kuna majani ya Kikuyu, mazito na mazuri ajabu, ambayo ukienda Arusha au Nairobi utayatamani. Hayo ni ya nyanda za juu zenye ubaridi. Mtu akikuletea Dar kwa bei ya juu akikwambia ni ya kisasa, mshukuru na umfungulie geti.

Miche na maua ilikuwa mstari mmoja mfupi: lamsamu, 1,450,000. Hakuna idadi, hakuna majina, hakuna kimo. Niliomba mchanganuo. Ulikuja kwenye WhatsApp, na ndani yake mlikuwa na mitende ya kifalme minne mikubwa, mishoki kumi na mbili ya kupanga ukutani, bogenvilia, durenta mia mbili za ua, na fikasi mbili za kando ya geti.

Jumamosi nilipita mwenyewe kwenye vitalu vya kandokando ya barabara ya Bagamoyo, nimevaa kanga na malapa, sijataja nyumba wala fundi. Nauliza tu: hii shilingi ngapi, na hii je? Bei nilizotajiwa zilikuwa karibu nusu ya zile za mchanganuo. Kwenye kitalu kimoja mama muuzaji aliniuliza kabisa, "Umekuja mwenyewe au una fundi?" Nikamuuliza kuna tofauti gani. "Ukija na fundi lazima nimwekee na yeye cha juu." Alisema kama anavyotaja nauli ya daladala.

Cha juu si siri, ila anayekilipa ndiye wa mwisho kujua. Na niseme ukweli, si chote ni wizi. Fundi anayenunua miche anatumia siku yake, anatafuta kirikuu, kile kigari cha mizigo, mche ukifa njiani ni hasara yake, na mwezi ujao ukinyauka utampigia simu yeye, hutampigia yule mama wa kitaluni. Hizo ni kazi na zinastahili malipo. Ninachokikataa ni kuzilipia gizani. Tulikaa na fundi chini ya mwembe tukakubaliana hivi: miche nanunua mimi, yeye anakuja kuichagua, na siku hiyo namlipa posho yake wazi. Kwa mche wowote utakaokufa ndani ya miezi mitatu kwa upandaji mbaya, shimo na kazi ni juu yake. Ukifa kwa sababu sikumwagilia, ni juu yangu. Aliniambia hakuna mteja aliyewahi kumwekea hivyo na kwamba ni afadhali, kwa sababu wateja wengine humdai hata maua yaliyoliwa na mbuzi.

Kuchagua naye kulikuwa na faida ambayo peke yangu nisingeipata. Aliinua kila kiroba akaangalia chini. Mizizi ikiwa imetoka na kujizungusha, mche umekaa kitaluni muda mrefu mno, na hata ukiwa mrefu na wa kijani utadumaa. Aliukataa mche wa bogenvilia uliojaa maua akachukua mwenzake usio na ua hata moja, kwa sababu shina lilikuwa nene na lilikuwa limekatwa likachipua matawi matatu. Maua, alisema, yatakuja bure.

Fikasi niliziondoa. Mizizi yake inatafuta maji, na pale getini maji yaliyo karibu ni ya chemba. Mitende ya kifalme pia niliiondoa, si kwa ubaya wake. Kwenye mitende unalipia kimo, yaani unanunua miaka ambayo mtu mwingine ameimwagilia, na mimi sina haraka hiyo. Durenta nilichukua ndogo kabisa, kwa sababu ua likishaanza kukatwa na mkasi, ndogo na kubwa zinafikiana. Kwa kivuli upande wa magharibi nilipanda mwarobaini mmoja na mti mmoja wa Madagaska, na ndizi zangu nyuma ya chemba, ambazo hazikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote. Miche yote pamoja ikagharimu 520,000, na kirikuu 40,000.

Bado kulikuwa na mstari wa mwisho wa kotesheni: ufundi na usimamizi, 1,200,000. Rudi kwenye mstari wa kwanza usome tena: majani, kununua na kupanda. Kupanda kumeshalipiwa kule. Kwenye kazi za ujenzi tumezoea kuitenga labachaji, yaani malipo ya kazi yenyewe, basi ukiiona chini unaona sawa tu, ndiyo utaratibu. Nilimwomba aniandikie ufundi wa nini hasa. Ilibaki kusafisha vifusi, kusawazisha, kuchimba mashimo ya miti na kupanga kingo za mawe. Hiyo ilikuwa kazi halisi, na ngumu. Vibarua wake walitoa tofali na misumari kwenye udongo huku jua la Februari likiwachoma visogo. Tukakubaliana 450,000, na chai na chakula cha mchana juu yangu. Chakula kinanilipa kuliko wanavyofikiri. Vibarua wanaokula kwako hawapotei saa mbili kutafuta mama ntilie.

Kwa hiyo jumla yangu, ukiweka na samadi na urea, haikufika milioni tatu na laki saba. Sitaki mtu aseme fundi alitaka kuniibia milioni sita na nusu. Mitende niliikataa mwenyewe, miche nilichukua midogo, na kapeti niliacha kwa hiari. Lakini zile mita 170 na trip sita za udongo hazikuwa hiari ya mtu. Mita peke yake, kwa bei yake ya kwanza, zilikuwa 2,040,000, na trip 1,080,000. Zaidi ya milioni tatu ya vitu ambavyo havikuwepo.

Malipo niliyagawa kwa hatua. Fundi aliomba nusu mbele. Nilimpa kishika uchumba cha kununulia majani, nikamwambia fedha nyingine itatoka uwanja ukisawazishwa, nyingine vipando vyote vikiwa ardhini, na robo ya mwisho majani yakifunga na kukatwa mara ya kwanza. Hiyo robo ndiyo iliyomrudisha. Kuna kona ya ubavuni iliyogoma kushika, na bila robo ile ningekuwa nasikiliza "mteja unayempigia kwa sasa hapatikani". Alikuja, akachimba, akakuta mfuko mzima wa saruji iliyoganda chini, akautoa na kupanda upya. Nililipa kwa simu kila mara, kumbukumbu zibaki. Tulikorofishana kidogo tu kuhusu "na ya kutolea". Nakushauri mkubaliane mapema nani anabeba makato.

Ukipeleka kazi kwa kampuni badala ya fundi wa mtaani, uliza mapema kama bei ina VAT ndani, ambayo kwa kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwenye milioni kumi hiyo ni 1,800,000 inayoweza kukuibukia mwishoni. Anayekutoza VAT awe amesajiliwa na akupe risiti ya mashine. Asipokuwa nayo, hiyo asilimia 18 anaipeleka wapi?

Mdogo wangu yuko Muscat, amejenga Kibada, na alinitumia kotesheni yake baada ya kusikia habari zangu. Kwake walimwandikia majani mita 600 kwenye kiwanja cha mita 600. Nyumba ilikuwa angani, nadhani. Walio mbali wanapigwa zaidi kwa sababu wanaletewa picha, na picha ya uwanja haina kipimo. Nilimwambia aagize picha yenye tepu imetandikwa chini, namba zisomeke, na video ya kila lori likiingia getini namba za gari zikionekana. Fundi wake wa kwanza alisema hayo ni masharti ya kudhalilisha. Wa pili alituma siku hiyo hiyo.

Msimu nao ni fedha. Maji ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Majani machanga Dar yakihitaji kama milimita tano kwa siku wakati wa jua, mita 280 zinakunywa lita 1,400 kila siku. Hiyo ni simtanki la lita elfu moja na karibu nusu ya jingine. Kwa mwezi ni uniti 42. Chukua bili yako ya DAWASA uzidishe. Na siku maji yasipotoka utaita boza. Ukipanda masika yakianza, mwezi Machi, mbingu inakulipia sehemu kubwa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo inafaa, ila si ya kuitegemea kama masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kila msimu. Fundi wengi hawausomi, lakini wewe usome. Kinachotakiwa ni kugeuza mpangilio: udongo uuingize Januari na Februari, njia zikiwa kavu na madereva wakitafuta kazi, kwa sababu mvua ikishashika vilima vya Goba malori hayapandi na yanayopanda yanajua thamani yao. Majani yangoje. Sisi tulisawazisha Februari, tukapanda mvua za kwanza zilipolowesha udongo hadi kina cha kiganja, na pampu ya kumwagilia haikufanya kazi kubwa mpaka Juni.

Wengine watakwambia uweke pevingi kila mahali uachane na habari za maji. Mume wangu ni wa kundi hilo. Kwa mita moja pevingi ilitugharimu zaidi ya mara tatu ya majani, mchana inawaka, na mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwa jirani wa chini, ambaye ana ulimi. Pale gari linapopita, sawa. Kwingine sikubali.

Kinachobaki ni matunzo, ambayo watu hawayapigii hesabu kabisa. Mtunza bustani wa kudumu kwa uwanja wa mita 280 ni anasa. Hana kazi ya kutwa, na ataishia kutumwa dukani na kuosha gari. Mimi nina kijana anayekuja mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua na mara moja kiangazi, namlipa 25,000 kwa kila anapokuja, siyo kwa mwezi. Mwanzoni alikuja na mashine yake na kudai petroli ya lita tatu kila mara. Tukapima: uwanja wote unamalizika kabla lita moja haijaisha. Sasa petroli naiweka mimi kwenye kidumu, na bei ya kazi nimemwongezea elfu tano, kwa sababu mkasi wa kukatia durenta ni wake na anaunoa vizuri.